Tovuti ipo ila Google haiioni, nilipe tena?

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi nauza mapazia hapa Morogoro, kuna kijana alinitengenezea tovuti ya WordPress, nzuri kweli, nikiandika anwani inafunguka vizuri ila nikitafuta Google hata jina la duka halitokei. Nimemuuliza anasema niongeze laki mbili akaisajili Google. Nilipe au napigwa?
– Muuza Mapazia

JIBU: Unapigwa dada. Google hawauzi nafasi ya kuingia kwenye orodha yao, wanachouza ni matangazo na hayo ni mambo mengine kabisa. Kama anadai hela ya muda wake wa kufuatilia sawa, kazi ni kazi, ila aseme hivyo.

Mimi namshuku mchawi mmoja. WordPress, ile programu iliyojengea tovuti yako, ukiingia kwenye mipangilio, sehemu ya kusoma, chini kabisa kuna kiboksi cha kuziomba injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti, mafundi wengi wanakitiki wakati bado wanajenga ili kazi isionekane nusunusu, wakimaliza wanachukua chao wanasepa tiki imebaki palepale. Hapo kila peji inabeba neno noindex, yaani usiiorodheshe, kwenye kodi zake, roboti wa Google akipita analisoma na anatii. Kuhakikisha, fungua tovuti yako kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na U, yatakuja maandishi kibao usiogope, bonyeza Ctrl na F utafute noindex. Ukiikuta kwenye mstari wenye neno robots basi ndiyo hiyo, toa tiki, sevu.

Halafu fungua Search Console, huduma ya Google ya wenye tovuti kuona Google inavyoziona tovuti zao, ni bure, thibitisha kwamba tovuti ni yako kisha tuma ramani ya tovuti, yaani orodha ya peji zake. WordPress tangu 2020 inaitengeneza yenyewe, iko kwenye anwani yako ukimalizia na /wp-sitemap.xml (tiki ikiwepo na ramani nayo haitoki, ndo maana nimeanza na tiki). Kisha bandika anwani ya peji ya mwanzo pale juu uombe iorodheshwe. Mara moja inatosha, kubonyeza kila baada ya chai hakuharakishi kitu, inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki kadhaa.

Sasa Search Console ikikuambia peji imepitiwa ila haijaorodheshwa, hapo si tiki tena, mara nyingi ni peji zenyewe hazina kitu, picha moja na "pazia kali bei poa, njoo inbox", na zote arobaini zinafanana, Google aweke ipi aache ipi? Andika kitambaa gani, upana na urefu, bei, unashona siku ngapi, Dodoma unatuma kwa basi au vipi. Na kila pazia liwe na linki kutoka peji nyingine ya tovuti, isiwe imejificha peke yake.

Hiyo Search Console ifungue kwa imeili yako wewe, siyo ya kijana.