Chati ya Gemu Haiingiwi Bila Hodi

Kijana mmoja wa Kisauni ameniandikia. Alikuwa kwenye gemu ya Dota 2, timu yake inaongoza, ngome ya wapinzani imeanza kubomoka, naye kwa furaha akaandika "gg" (good game, mchezo mzuri) kwenye chati ya wote. Alitukanwa na pande zote mbili, kisha akaripotiwa. Anauliza: kaka, kumwambia mtu mchezo umekuwa mzuri ni kosa?

Mdogo wangu, inategemea umeingia nyumba ya nani. Kwenye gemu ya vita ya StarCraft, gg huandikwa na anayeshindwa. Akiona hana tena njia huiandika, ndipo atoke, na akiondoka kimya huonekana hana adabu. Aliye mbele akitangulia kuiandika, ni sawa na kumwambia mwenzake "umekwisha, toka". Kwenye mashindano ya Dota 2, timu ikiandika gg imesalimu amri. Kwa hiyo wapinzani wako waliona unawazika wakiwa hai. Lakini nenda kwenye sataranji ya Lichess: vitufe vya salamu vimewekwa tayari, GL (bahati njema) na HF (furahia) mwanzoni, GG na WP (umecheza vizuri) mwishoni. Pale bonyeza tu, umeshinda au umeshindwa, hakuna atakayenuna.

Haya sikufundishwa na mtu. Nilianza kwenye saiba moja Mwembe Tayari, ambako tulikuwa tunapigiana kelele ana kwa ana na hakuna aliyehitaji vifupisho. Nilipopata kompyuta yangu nyumbani, Tudor, ndipo nikakutana na dunia. Sisi wa hapa hucheza kwenye seva za watu, yaani kompyuta zinazoendesha gemu, za Ulaya au za Ghuba. Waya wa baharini wa TEAMS uliofika Mombasa mwaka 2009 unatoka Fujairah, na Dota 2 ina seva Dubai, basi huko ndiko mtandao wetu unakojiweza kidogo. Ukienda Ulaya mtandao unachelewa, unapiga risasi na umeshakufa zamani.

Nilikuwa kwenye timu ya Ulaya niliyoipenda sana. Usiku mmoja, katikati ya mechi, stima ikapotea mtaa mzima. Niliwasha bando la simu nikawaeleza kwenye gumzo la timu. Nikakuta kapteni ameshaandika "afk" na matusi juu yake, na kabla sijamaliza maelezo nikatolewa. Afk kwao ni mtu aliyeiacha kibodi kwa hiari yake, aliyewatupa wenzake. Mimi nilikuwa gizani na jasho linanitoka. Yameshapita, lakini yananiuma mpaka leo, kwa sababu nilikuwa mchezaji mzuri pale na hakuna hata mmoja aliyeuliza kulikoni.

Tangu hapo kila ninapojiunga na watu wapya huwaambia mapema: kwetu stima hukatika, nikipotea nisubirini kidogo, nitarudi. Sema kabla. Ukisema baada, huwa kisingizio hata kama ni kweli.

Kilichonifungulia milango, hata hivyo, ni salamu. Kwenye mechi za Ulaya nilikuwa naona mtu anaandika "sa" na hakuna anayemjibu. Nikaja kujua ni Waturuki, wanafupisha salaam aleikum, na jibu lake ni "as". Kwa mtoto wa Mombasa hilo ni jambo la kuachwa lipite? Nikaanza kujibu. Jamani, watu wale walinipokea kama ndugu! Mmoja wao ndiye aliyenialika kwenye ukoo (kundi la wachezaji) niliomo sasa, wenye Waturuki, Wamisri, Wapolandi na Mthai mmoja ambaye kila akicheka huandika 555, maana tano kwa Kithai hutamkwa "ha". Na mwezi huu wamenichagua niwe mpokeaji wa wageni wote. Nimefurahi kupita kiasi, sifichi.

Kwa nafasi hiyo naona vijana wetu wakiingia na "ez" (easy, rahisi) mdomoni. Acheni. Ez ni kumwambia mtu kwamba kumshinda hakukutoa hata jasho. Waundaji wa gemu ya Overwatch walichoka nayo hadi wakaweka utaratibu: ukiandika "gg ez", chati inakubadilishia sentensi ya kukuaibisha mwenyewe. Kwenye Rocket League, gemu ya magari yanayocheza mpira, mtu amefungwa bao, mwingine anambonyezea "What a save!" (umeokoa vizuri!) mara tatu. Ile ni sifa ya kipa iliyogeuzwa kejeli. Sisi tumelelewa kusalimu kabla ya kuuliza bei ya mchicha. Tukifika mtandaoni adabu hiyo tunaiacha wapi? Yule unayemdharau ni mtoto wa mtu, pengine amerudi kazini amechoka, anatafuta nusu saa ya kupumua. Mheshimu. Mpe "wp" yake hata kama umemshinda vibaya.

Vifupisho vya kazi ndivyo vya kuvihifadhi kwanza. Kwenye gemu ya World of Warcraft mponyaji akiandika "oom" nguvu zake za uchawi zimekwisha, hawezi kukutibu. Rudi nyuma, usimgombeze.

Na mkiwa Wapwani wawili katika timu ya watano, msizungumze Kiswahili peke yenu kwenye chati ya timu. Wale watatu watadhani mnawasengenya. Mkitaka kupiga soga, andikianeni faraghani, na mechi ikianza rudini kwenye lugha ambayo wote wanaielewa.