Saba Saba, mota na mzinga: kwa nini jeshi linabeba zote tatu?

SWALI: Shikamoo Afande. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano hapa Bukoba. Babu yangu husimulia sana mngurumo wa "Saba Saba" wakati wa vita vya Kagera, na anasema ndiyo iliyommaliza Amin. Ninachoshindwa kuelewa ni hiki: kama ilikuwa kali hivyo, kwa nini majeshi bado yana mizinga ya kawaida na mota? Na mtu akitaka kuwa askari wa mizinga, akazanie somo gani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mfikishie babu salamu zangu.

Silaha anayoisema ni BM-21, mtambo wa Kisovyeti wenye mirija 40 ya roketi za milimita 122, uliofungwa juu ya lori. Sisi Watanzania tukisikia Sabasaba tunawaza maonyesho ya Julai. Ng'ambo ya mpaka, Waganda wa rika la babu yako wanawaza moto. Roketi zote 40 huondoka kwa sekunde 20 hivi na zinaweza kufika kilomita 20. Askari aliyezikuta akiwa kwenye handaki hasahau. Lakini Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili 1979 na askari wa miguu walioingia na bunduki zao. Roketi zilisaidia kuwafungulia njia, na hiyo ndiyo kazi ya silaha zote tatu ulizozitaja: kumwinamisha adui chini mpaka askari wa miguu amfikie.

Sasa tofauti. Kombora la mzinga humaliza kusukumwa likiwa bado ndani ya mtutu. Baruti inawaka nyuma yake, mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu inalizungusha kama pia ya kuchezea watoto, na likishatoka mdomoni linabaki na mvuto wa dunia na hewa tu. Hesabu yake inatabirika. Roketi inapoacha mrija, injini yake bado inawaka, kwa hiyo upepo ukiipiga ubavuni inageuza uso kidogo huku ikiendelea kujisukuma kuelekea huko ilikogeukia. Kosa dogo pale mwanzoni linakuwa mamia ya mita kule mwisho. Ndiyo sababu zinafyatuliwa nyingi kwa pamoja: zinafunika eneo, hazitafuti nukta. Siku hizi zipo roketi zinazoongozwa kwa setilaiti, kama za HIMARS, mtambo wa roketi wa Marekani, lakini zile za babu yako hazikuwa hivyo. Mtambo wa namna ile haufai kabisa kuelekezwa kwenye mji wenye watu. Kamanda anayefanya hivyo anajua kwamba hawezi kuchagua nyumba itakayopigwa, na hilo ni kosa ambalo hakuna amri inayolisafisha.

Mzinga wa kuvutwa, tuseme D-30, nao ni wa milimita 122. Kombora lake lina kilo 22 hivi na hufika kilomita 15. Una miguu mitatu inayotandazwa chini, hivyo wapigaji wanaweza kuuzungusha pande zote bila kuung'oa. Tatizo lake ni uzito: zaidi ya tani 3. Unataka gari la kuuvuta na njia ya kupita.

Mota, mtutu mwepesi wa kurushia mabomu, ndiyo ninayoipenda, na ndiyo watu huidharau. Ile ya milimita 82 inagawanywa vipande: mmoja anabeba mtutu, mwingine kitako, mwingine miguu, wengine mabomu ya kilo 3 hivi kila moja. Inapanda mlima ambao lori litaukimbia. Bomu linadondoshwa kutoka mdomoni, linagonga pini chini, linaruka juu sana kisha linaanguka karibu wima. Mtutu hauna mifereji. Mapezi ya mkiani ndiyo yanayolinyoosha bomu. Ukitaka umbali zaidi unaongeza vifuko vya baruti mkiani. Haifiki mbali, kilomita 3 au 4, lakini inampata mtu aliyejificha nyuma ya kilima, mahali ambapo risasi ya bunduki haifiki. Fikiria vilima vya Kibati, kaskazini ya Goma, mashariki mwa Kongo, ambako brigedi ya Umoja wa Mataifa yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi ilipigana mwaka 2013. Ardhi kama ile inadai silaha inayopiga nyuma ya mgongo wa mlima. Azimio namba 2098 la Baraza la Usalama lililoiunda brigedi hiyo lilitaja vikosi vitatu vya askari wa miguu, na likataja pia kombania ya mizinga.

Jambo ambalo simulizi nyingi za vita huliruka ni hili: mpiga mzinga kwa kawaida haoni anachokipiga. Anayeona ni mwangalizi, askari mmoja au wawili waliolala mbele na darubini, ramani na redio. Anataja mahali, wakokotozi nyuma wanageuza maneno yake kuwa pembe na kiasi cha baruti, bomu moja linafyatuliwa. Likipita shabaha, anasema punguza mita 200. Likipungua, anasema ongeza 100. Anaendelea kugawa nusu hadi litue, ndipo mizinga yote inafyatua. Huko Ukraine tangu 2022 droni imebeba sehemu kubwa ya kazi hiyo ya macho, lakini hesabu ni ileile. Ukimwondoa mwangalizi, mtambo wenye mirija 40 unabaki lori la kelele.

Kwa hiyo somo ni hisabati, hasa trigonometria, halafu jiografia ya kusoma ramani. Anza leo. Wanamizinga hupima pembe kwa mili badala ya digrii. Mili 1 ni karibu upana wa mita 1 ukiwa umbali wa kilomita 1. Nyosha mkono, simamisha kidole kimoja, funga jicho moja: kidole kinafunika karibu mili 30. Kama upana wa jengo lililo ng'ambo unalingana sawasawa na kidole, na unajua liko kilomita 2, basi upana wake ni karibu mita 60. Jaribu kwenye jengo unalolijua, halafu nenda ukalipime kwa hatua.