Kabla hujafungua tangi la naitrojeni: kwa wanaoanza kuchunguza kusambaa kwa saratani ya ovari

Wiki tatu nzima nilitafuta protini ambayo haikuwepo. Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamivu, kwenye maabara ya saratani huku Uingereza, na swali langu lilihusu p53, protini mlinzi ambayo jeni yake imeharibika katika takriban asilimia 96 ya saratani za ovari aina ya serasi ya daraja la juu, ile iliyo ya kawaida na kali zaidi. Nikachukua seli zilizogandishwa tayari kwenye tangi la naitrojeni, ziitwazo SKOV3, nikazikuza, nikazivunja, nikapima. Hakuna kitu. Nikalaumu kingamwili, ile inayonasa protini ili ionekane, nikaagiza nyingine. Hakuna. Nikaanza kulaumu mikono yangu. Mwishowe fundi sanifu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akiosha chupa, akaniuliza bila hata kugeuka, "Unatumia seli gani?" Nikamtajia. "Hizo hazina p53. Tangu zamani."

Ndiyo maana naanzia hapo, wadogo zangu, kabla ya habari za hadubini na panya. Tangi la maabara ni kama sanduku la bibi: vitu vimo kwa sababu viliwekwa, si kwa sababu vinafaa. Mwaka 2013 watafiti walilinganisha laini 47 za seli za saratani ya ovari (laini ni ukoo wa seli za asili moja unaokuzwa maabara) na takwimu za uvimbe wa wagonjwa halisi. SKOV3 na A2780, ambazo zilikuwa miongoni mwa zinazotumika mno katika machapisho, zilionekana hazifanani na serasi ya daraja la juu. Zilizofanana zaidi, kama Kuramochi na OVSAHO, hazikuwa na umaarufu wowote. Zinakua polepole, na mwanafunzi mwenye ripoti ya kuwasilisha Ijumaa hana subira nazo.

Sisemi SKOV3 zitupwe. Zilitoka kwenye maji ya tumbo la mgonjwa, zinashika vizuri, na panya akichomwa nazo tumboni huota vivimbe. Ukiuliza jinsi seli zinavyonata na kusukuma, zitakujibu. Ukiuliza habari za p53, umebisha hodi nyumba isiyo na mtu.

Na jina lililoandikwa kwenye kichupa nalo usiliamini. Kuna laini iliyotumika miaka mingi kama seli za saratani ya matiti zilizozoea dawa, ikiitwa MCF-7/AdrR. Vipimo vya vinasaba vikaja kuonyesha kwamba asili yake ni OVCAR-8, yaani ya ovari. Pima utambulisho kabla hujaanza, pima mikoplazma, bakteria wadogo wanaochafua seli kimyakimya, kila mwezi, andika seli zimehamishiwa chupa mpya mara ngapi. Hilo limekwisha.

Sasa safari yenyewe. Wengi wetu tulifundishwa kusambaa kwa saratani kwa mfano wa matiti au utumbo mpana: seli inapenya mshipa, inachukuliwa na damu, inaibukia kwenye ini au mapafu. Ya ovari nayo inaweza kupita kwenye damu, lakini njia yake kuu iko ndani ya tumbo. Seli zinabanduka, zinaelea kwenye maji ya tumboni, zinazungushwa na pumzi na mwendo wa matumbo, kisha zinatua kwenye utando. Tena mara nyingi hazikuanzia kwenye ovari. Serasi nyingi huanzia kwenye ncha ya mrija wa uzazi, pale penye vishikizo kama vidole. Seli inayoelea peke yake iko hatarini kufa, kwa hiyo hushikana vifundo, ndizo sferoidi. Na mahali zinapopenda kutua ni kwenye omenta. Ukiwahi kusaidia kuchuna mbuzi siku ya Idi unaijua: ule utando wa mafuta, kama wavu, uliotandwa juu ya matumbo.

Ukishaiona njia hiyo utaelewa kwa nini jaribio la mkwaruzo halinifurahishi. Unalaza seli kwenye plastiki, unakwaruza kwa ncha ya pipeti, unapiga picha mwanzo na baada ya saa 24. Ni rahisi, ndiyo maana liko kila mahali. Lakini tumboni hakuna plastiki, na pengo linaweza kuzibwa na seli zilizozaliana badala ya zilizotembea. Lifanye siku ya kwanza upate kuzijua seli zako. Usilijengee sura nzima ya tasnifu.

Mimi ningekuanzisha na sferoidi. Sahani maalumu zisizonatisha seli ni ghali. Agarosi, jeli itokanayo na mwani, ya asilimia 1 hadi 1.5 iliyomiminwa chini ya visima inafanya kazi ileile kwa bei ya chini. Hesabu seli sawasawa kwa kila kisima, la sivyo utalinganisha tikiti na ndimu. Kifundo kikizidi nusu milimita, seli za katikati hukosa oksijeni na huanza kufa, na dawa itakayoonekana imeua huenda haikuua kitu. Kata ncha ya pipeti iwe pana unapohamisha, maana ncha nyembamba inavivunja vifundo nawe hutajua. Baadhi ya laini hufunga vifundo vigumu kama kokwa, nyingine huishia kuwa rundo legelege. Hilo si kosa lako. Liandike tu, kwa sababu ulegevu huo unaweza kuwa ndio jibu.

Kisha kilaze kifundo juu ya tandiko la seli za mesotheli, zile zinazofunika utando wa tumbo, zikiwa zimetiwa rangi ya kung'aa. Saa chache baadaye utaona shimo jeusi likifunguka chini ya kifundo. Maabara ya Joan Brugge pale Harvard ilionyesha mwaka 2011 kwamba seli za saratani hutumia nguvu ya miosini, protini ya jamii moja na ile ya misuli, kuwasukuma wenye nyumba pembeni. Mara ya kwanza kuliona shimo lile nilisahau chakula cha mchana. Pima eneo lake kila nusu saa. Namba hiyo ina maana kuliko mikwaruzo mia.

Ukitaka udongo kamili ambamo seli hujipanda, na si ngozi ya juu tu, fuata njia ya watafiti Hilary Kenny na Ernst Lengyel wa Chicago: fibroblasti (seli za tishu unganishi) zilizochanganywa na kolajeni (protini ya nyuzi zinazoishikilia tishu) chini, mesotheli juu, zote kutoka omenta ya binadamu. Kundi hilohilo lilionyesha mwaka 2011 kwamba seli za mafuta za omenta huzivuta seli za saratani na kuzilisha mafuta. Kwa hiyo ukiona modeli ya omenta isiyo na mafuta, muulize aliyeitengeneza ameacha nini nje.

Panya nitawapitia haraka. ID8, seli za ovari za panya zilizoelezwa mwaka 2000, zinamfaa panya mwenye kinga kamili, jambo ambalo seli za binadamu haziwezi. Ila nazo p53 yao ilikuwa nzima mpaka jeni zake zilipohaririwa miaka mingi baadaye. Na kuchoma seli tumboni ni kuanzia safari katikati; hutajua chochote kuhusu jinsi zilivyobanduka.

Mnyama ninayempenda ni kuku wa mayai. Huyu hupata saratani ya ovari mwenyewe, bila kuchomwa, akishavuka miaka miwili hivi, na tumbo lake hujaa maji kama la mgonjwa. Daktari Mmisri, Mahmoud Fathalla, alitoa hoja mwaka 1971 kwamba kupevusha yai bila kupumzika kunauchosha uso wa ovari. Kuku anayetaga karibu kila siku ni kama jaribio la hoja hiyo linalotembea uani.

La mwisho ni maji ya mgonjwa. Hakikisha ridhaa imesainiwa kabla ya kitu kingine chochote. Yatakuja lita nzima au zaidi, mara nyingi Ijumaa jioni, na hayasubiri Jumatatu. Yapitishe kwenye chujio la mikroni 40: vifundo vinabaki juu, seli moja moja zinapita. Usiyamwage maji yaliyobaki. Yazungushe kwenye mashine, yagawe kwenye vichupa, yagandishe, kisha uzikuzie seli zako humo badala ya seramu ya ndama, ile tuliyozoea kulishia seli. Na kwenye kichupa andika namba ya mgonjwa kwa kalamu isiyofutwa na spiriti. Mimi niliandika kwa ile ya kawaida.