Kuchora Dirishani kwa Java: Maswali ya Wasomaji

Swali: Nimechora duara jekundu katika dirisha la JFrame kwa kutumia getGraphics(), likaonekana vizuri. Nikilishusha dirisha na kulirudisha, duara halipo. Limekwenda wapi?

Jibu: Halikuwahi kuhifadhiwa popote. Ulipaka rangi juu ya skrini mara moja tu, na mfumo unapolazimika kulichora dirisha upya, kwa sababu limepanuliwa au limerudishwa, hurudisha yale tu yaliyo katika maagizo yake ya kudumu, na duara lako halimo. Unda klasi inayorithi JPanel, yaani paneli ya kuchorea ndani ya dirisha, uandike upya ndani yake mbinu ya paintComponent(Graphics g), na humo ndimo uweke g.setColor(Color.RED) na g.fillOval(100, 100, 80, 80). Mbinu hiyo huiiti wewe: huitwa na Swing yenyewe, maktaba ya Java ya madirisha, kila inapohitajika, na ukitaka mabadiliko yaonekane unaomba kwa repaint(). Hapa ndipo wengi hukwama, kwa kuwa wamezoea programu inayotii amri kutoka mstari wa juu hadi wa chini.

Swali: Nimechora jahazi, lakini tanga limekuwa chini na sitaha juu.

Jibu: Umehesabu kama tulivyofundishwa kwenye grafu za hisabati. Dirishani, nukta (0, 0) iko pembe ya juu kushoto, na y huongezeka kadiri unavyoshuka; ikiwa sitaha iko 200, ncha ya mlingoti iwe 60. Vilevile, namba mbili za mwanzo za fillOval si kitovu cha duara bali ni pembe ya juu kushoto ya mraba unaolizunguka, kwa hiyo kitovu cha lile duara jekundu ni (140, 140).

Swali: Kwa nini nijisumbue kuunda klasi ya Duara ilhali fillOval inatosha?

Jibu: Kwa duara moja inatosha, na anayekwambia vingine anakuchosha bure. Yakiwa maumbo 40, kila moja na rangi na mwendo wake, utapotea katika namba zako mwenyewe. Tunga klasi dhahania Umbo, yaani ya kurithiwa tu, yenye mbinu chora(Graphics g). Duara na Mstatili ziirithi, kila moja ikijichora kwa namna yake. Paneli itabaki na orodha na kitanzi kimoja: for (Umbo u : maumbo) u.chora(g); nacho hakiulizi lipi ni duara na lipi si duara. Kesho ukiongeza Pembetatu, paneli haiguswi. Si jambo jipya: klasi na urithi vilikuwamo tayari katika Simula 67, lugha ya Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard wa Norwei.

Swali: Duara langu linasogea, lakini linaacha mkia.

Jibu: Umesahau super.paintComponent(g) katika mstari wa kwanza wa paintComponent. Ndiyo inayopaka rangi ya usuli na kuifuta picha iliyotangulia. Likiganda baada ya hapo, kagua kama hujaweka humo ndani Thread.sleep, amri inayosimamisha uchoraji wote kwa muda. Iondoe, utumie javax.swing.Timer ya milisekunde 20 inayobadilisha x kisha kuita repaint().