Joto la Kaskazi na Watoto Wetu: Pa Kuangalia Kabla Hawajaugua

Kuanzia Desemba hadi Machi, kaskazi inapovuma, Dar es Salaam huwa na joto linalomchosha hata mtu mzima aliyekaa kivulini. Mchana nyuzi 32 au 33, unyevu mwingi hewani, na usiku bati linaendelea kushusha joto lililolimeza mchana kutwa. Ndicho kipindi ambacho foleni ya watoto zahanati inarefuka: huyu anaharisha, yule macho yamegandamana kwa tongotongo, mwingine kichwa kimejaa majipu.

Nimelea watoto watatu katika joto hili, huku Temeke. Ninachoamini baada ya kuyapitia ni kwamba joto lenyewe halimwambukizi mtoto ugonjwa. Linapindua utaratibu wa nyumba. Maji yanapungua bombani, chakula kinachacha mapema, taulo moja inafuta jasho la watu wanne, chandarua kinapandishwa juu kwa sababu eti kinaziba upepo. Vijidudu vinapita hapo, na hapo ndipo mzazi anaweza kuvizuia.

Nianze na maji, maana ndiyo mlango mkubwa. Msimu wa joto mara nyingi ndio wa mgao pia. Tunakumbuka mwishoni mwa 2022, maji ya Mto Ruvu yaliposhuka na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikatangaza ratiba ya mgao. Nyakati kama hizo kila mtu ananunua maji anakoyapata: boza, mkokoteni, kisima cha jirani. Yanaweza kuwa maangavu kabisa na bado yakawa na vijidudu vya kuhara, hata vya kipindupindu. Kwangu maji ya kunywa yanachemshwa mpaka yatokote. Kutoa mvuke tu hakutoshi. Gesi ikiisha natumia vidonge vya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na tunasubiri nusu saa kabla ya kuyanywa. Yakiwa na tope nayaacha yatuame, nayachuja kwa kitambaa safi, ndipo nayatia dawa, kwa sababu uchafu unaipunguzia nguvu.

Lakini kuchemsha ni nusu ya kazi. Angalia yanakokaa baada ya hapo. Nyumba nyingi zina ndoo yenye mfuniko, na juu ya mfuniko kuna kikombe. Mtoto anatoka kucheza mchangani, anafunua, anazamisha kikombe pamoja na vidole vyake, anakunywa, anarudisha kikombe, mbio nje. Maji yaliyochemshwa alfajiri yameshachafuka kabla ya saa nne asubuhi. Ndiyo maana nasisitiza ndoo yenye koki. Fundi wa mtaani anaitoboa ndoo ya kawaida na kuifunga koki ndogo, unaiweka juu ya stuli inayolingana na kimo cha mtoto, akajikingia mwenyewe bila mkono kugusa maji. Mama mwenzangu akiniuliza anunue nini kabla ya Desemba, namtajia hiyo kwanza.

Mgao ukibana, watu huanza kwa kupunguza maji ya kunawa. Mimi nabana kwingine: maji ya kusuuzia nguo yanakwenda chooni, ya kuoshea mchele yanamwagiliwa mchicha. Ya kunawa hayaguswi, na wala si mengi. Dumu la lita tano lililotobolewa tundu dogo na kuning'inizwa karibu na choo linawafikisha watoto mbali, na kipande cha sabuni kiwe kimefungwa kwa kamba hapo hapo. Kunawa baada ya choo na baada ya kumtawaza mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Beseni moja la kunawia watu wote kwa zamu silikubali hata kwenye shughuli. Wa mwisho ananawa uchafu wa waliomtangulia.

Kuna suala la uji. Asubuhi unapikwa, unamiminwa kwenye chupa ya chai, na dada anayebaki na mtoto anamnywesha saa nne, saa saba, saa kumi. Uonje huo wa saa kumi: ni vuguvugu. Bakteria hukua kwa kasi kwenye uvuguvugu, na uji wenye maziwa na karanga unawashibisha wao sawa na mtoto. Katika joto letu, uji wa maziwa uliokaa saa mbili na kuendelea namwaga. Afadhali unga upimwe uwekwe tayari, na uji upikwe kidogo kidogo kila anapotaka kula. Mkaa utaongezeka, najua, lakini gharama ya mtoto anayeharisha inazidi ya gunia. Chupa ya chuchu nayo iache kama unaweza, kwa sababu ina kona ambazo brashi haifiki. Kikombe na kijiko vinaosheka, na vinakauka juani.

Maembe ni ya msimu huu, waacheni wale. Ila lioshwe kabla ya kumenywa, maana kisu kinauchukua uchafu wa ganda na kuupeleka ndani. Barafu za vifuko na juisi za barabarani nina msimamo mkali nazo: nisipojua maji yametoka wapi, mwanangu hali wala hanywi. Barafu za ubuyu nawagandishia mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, na jirani zao wanakuja kugawiwa.

Mtoto wa chini ya miezi sita ana habari yake, na inaleta mvutano katika nyumba nyingi. Nilipokuwa na kitinda mimba wangu, mama mkwe alikuja kunisaidia kulea. Adhuhuri moja mtoto analia, jasho linamtiririka, akaniambia, "Mwanangu, mtoto koo limemkauka, mpe japo kijiko cha maji." Nikamjibu, "Mama, nisamehe, maji yake yako humu kwenye ziwa. Ngoja nimnyonyeshe." Akanyonya, akatulia. Maziwa ya mama zaidi ya asilimia 85 ni maji, na yanamtosha mtoto wa umri huo hata kwenye joto kali. Anachohitaji ni kunyonyeshwa mara nyingi zaidi, na wa kunywa maji ni mama. Kijiko cha maji kinaingiza vijidudu kwenye tumbo changa na kumfanya anyonye pungufu. Mama mkwe aliridhika siku nilipokwenda naye kliniki, nesi akamwamkia, akamkalisha, akamweleza taratibu. Nashauri uende na wazee wako kliniki. Wanaopewa heshima ya kuelezwa ndio wanaokuwa walinzi wakubwa wa mtoto nyumbani.

Sasa ngozi. Vipele vya joto haviambukizi. Ni jasho lililoziba kwenye matundu yake. Hatari iko kwenye kucha. Mtoto anajikuna, ngozi inachubuka, bakteria wanaingia, na baada ya siku chache unaona malengelenge yenye usaha au jipu. Kwa hiyo kucha ziwe fupi muda wote. Aoge asubuhi na jioni kwa maji ya kawaida, afutwe vizuri shingoni, kwapani na kwenye mapaja, avae nguo nyepesi za pamba. Mafuta mazito ya mgando yaweke kando mpaka hali ya hewa ipoe. Poda nayo usiimwage shingoni: ikichanganyika na jasho inakuwa kama unga uliokandwa, inakaa kwenye mikunjo na kuichubua. Nepi ibadilishwe mapema, na kila siku mtoto apate muda wa kukaa bila nepi, apigwe na upepo.

Mapunye kichwani ni fangasi, na katika jasho wanastawi. Kinyozi asafishe mashine kabla ya kumgusa mtoto wako. Mwambie wazi, ni haki yako. Yakishaingia, krimu peke yake haitoshi, kwani fangasi wapo ndani ya shina la nywele na mara nyingi zinahitajika dawa za kumeza zinazoandikwa na daktari. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa kiholela, zinatuliza muwasho huku fangasi wakiendelea kuenea.

Taulo. Kila mtoto na yake, hata kama ni kipande cha khanga kilichokatwa na kupindwa. Zangu nimezishonea uzi wa rangi tofauti. Mwanzoni mwa 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam kisha mikoani, Wizara ya Afya ilisisitiza kunawa mikono na kutochangia vitu kama taulo na leso, na ikaonya watu wasijitibu kiholela. Mtaani wengine walikuwa wanakamulia jichoni maziwa ya mama, wengine chai ya rangi, hata mkojo. Tafadhali, usiweke chochote cha namna hiyo kwenye jicho la mtoto. Lifutwe kwa maji safi yaliyochemshwa na kupoa, kila jicho na kitambaa chake, abaki nyumbani asiwaambukize wenzake, na aonwe na mtaalamu. Kichanga mwenye usaha machoni apelekwe siku hiyo hiyo.

Tunasahau mbu kwa sababu tunawahesabu ni wa masika. Kwenye joto watoto wanalala barazani mpaka usiku wa manane, na wakiingia ndani wanakipiga teke chandarua. Kuanzia magharibi nawavalisha mikono mirefu ya kitambaa chepesi. Chandarua nakitundika juu na kwa upana ili hewa ipite, na kitanda nimekisogeza karibu na dirisha lenye wavu. Halafu maji yale yale tunayoyahifadhi kwa ajili ya mgao, yakiwa wazi, yanazalisha mbu wa homa ya dengi, anayeuma mchana. Dar ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na tena 2019. Funika pipa, na ndoo isiyofunikika imwagwe na kusuguliwa kila wiki, maana mayai yanagandia ukutani mwake. Mtoto akipata homa mpe parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, akapimwe malaria, na usimpe aspirini wala diklofenaki, kwani kwenye dengi zinaweza kuzidisha kutoka damu.

Kadi ya kliniki itoe uisome leo. Chanjo ya rota, inayokinga aina mojawapo kali ya kuhara, hutolewa wiki ya 6 na ya 10, na ya surua na rubela miezi 9 na 18. Ile ya miezi 18 inasahaulika sana kwa kuwa mtoto ameshachangamka na mama amerudi kazini.

Akiharisha licha ya yote haya, kazi yako ni kumrudishia maji. ORS, ile dawa ya unga ya chumvi na sukari inayochanganywa na maji, na vidonge vya zinki viwepo nyumbani kabla hajaugua. Soma pakiti ya ORS: nyingi za hapa kwetu huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi, na kilichobaki baada ya saa 24 kinamwagwa. Kila anapoharisha, wa chini ya miaka miwili apate robo hadi nusu ya kikombe kikubwa, aliyezidi hapo nusu hadi kikombe kizima, kwa kijiko au kwa kufunda kidogo kidogo. Akitapika, subiri dakika kumi, endelea taratibu zaidi. Zinki ni siku 10 hadi 14 hata kama choo kimekauka: kila siku nusu kidonge cha miligramu 20 kwa wa chini ya miezi sita, kidonge kizima kwa wakubwa. Anyonye na ale kama kawaida. Kukimbilia metronidazole au antibayotiki dukani kila akiharisha hakusaidii, kwani kuhara kwingi kwa watoto kunatokana na virusi.

Kuna dalili ambazo hazingoji. Macho au utosi kudidimia, ngozi ya tumbo ikifinywa inarudi polepole, mdomo mkavu na mkojo umekatika, damu kwenye choo, kutapika kila kitu, degedege, kulegea kiasi cha kushindwa kunywa au kunyonya, na homa yoyote kwa mtoto wa chini ya miezi miwili. Ukiiona hata moja, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, iwe usiku au mchana. Kama anaweza kumeza, njiani endelea kumpa ORS kijiko kwa kijiko, na kama ananyonya, mpe ziwa.