Kwa nini hakimu hakwenda mwenyewe kuwatafuta mashahidi

Dada, umeuliza kwa nini hakimu wa hapo Mbeya alimwachia mshtakiwa baada ya mashahidi kutofika, badala ya kwenda mwenyewe Uyole kuchunguza. Kwa sheria yetu hiyo siyo kazi yake. Tulirithi mfumo wa Waingereza: polisi wanapeleleza, wakili wa serikali anathibitisha, mshtakiwa anapinga, hakimu anapima alicholetewa. Ufaransa, kosa kubwa kama mauaji lazima lipitie kwa hakimu mpelelezi, ambaye anaita mashahidi, anaagiza wataalamu, na anakusanya ushahidi wa kumtia mtu hatiani na wa kumsafisha pia.

Kinachoniuma zaidi kwetu ni mshtakiwa asiye na wakili. Kaa siku moja mahakama ya wilaya uone. Mkulima wa viazi kutoka Umalila anaambiwa amhoji shahidi. Anaanza, "Siyo kweli, siku hiyo nilikuwa shambani." Anaambiwa aulize swali, utetezi wake utakuja baadaye. Ananyamaza, anakaa, na ushahidi ule unapita bila kudodoswa. Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kumuuliza shahidi swali lolote, wakati wowote, ili ukweli upatikane. Natamani waitumie zaidi, hasa mtu anapojitetea peke yake.

Halafu soma vizuri ile amri ya kumwachia mshtakiwa. Kama mashtaka yalifutwa tu kwa kukosa mashahidi, bila mahakama kumwona hana hatia, anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya.