Risachi ya walezi ipo, tena Kilifi
Dadangu umeuliza kama kuna risachi inayomwangalia mzazi na sio mtoto mlemavu tu, ipo, tena hapa hapa Kilifi. Watafiti wa KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, walikaa na vikundi vya walezi wa watoto walemavu, wengi kina mama, wakawasaidia kujipanga, kuanza vibiashara na kushikana mkono, na matokeo yalitoka 2020, walezi walisema wanapata sapoti zaidi kuliko mwanzo. Hiyo inanigusa sana, maana mama akiachwa peke yake hayo mazoezi ya viungo vya mtoto aliyofunzwa kliniki atayafanya saa ngapi na unga hakuna?? Tafuta kina mama wawili watatu hapo mtaani muanze kikundi, halafu mkishaongezeka mkajiandikishe ofisi ya maendeleo ya jamii.